Bodaboda akichomekea, mwache

Vuli ya kwanza nikiwa na gari langu mwenyewe niliigonga daladala kwa nyuma pale Barabara ya Mandela, natoka Buguruni kwenda Ubungo. Mvua ilikuwa na dakika kumi tu tangu ianze. Daladala ikaona abiria, ikasimama. Mimi nilikuwa kwenye 60. Nikakanyaga breki, pedali ikatetemeka chini ya mguu, na gari likaendelea kuserereka taratibu kama sabuni kwenye beseni. Bampa lao halikuchubuka. Taa zangu zilikuwa chini. Dereva akashuka, akaziangalia, akasema: "Kaka, ulinibana mno." Nilimchukia kwa kuwa alisema kweli tupu.

Kesho yake nikaenda gereji nikiomba moyoni fundi aseme breki ni mbovu. Akafungua tairi, akanionyesha pedi bado nene. "Breki nzima hizi, bosi. Tairi ndiyo kipara."

Nilichokuwa sijakipigia hesabu ni hiki. Kwenye kilomita 50 kwa saa, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Tuseme unatumia sekunde moja kuona hatari na kuhamisha mguu: mita 14 zimeshakwenda na breki hujaigusa. Kwenye lami kavu breki nayo itakula nyingine kama 14. Jumla 28, yaani Coaster nne zimepangwa mkia kwa kichwa. Lami ikilowa, ile sehemu ya breki inaweza kukaribia mara mbili, na mvua ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, maana inakoroga vumbi na oili ya miezi yote ya kiangazi.

Halafu kuna ile hesabu ya sekondari: nishati ya kitu kinachotembea hupanda kwa mwendokasi mara mwendokasi (si yale mabasi ya Kimara). Ukitoka 50 ukaenda 100, breki haihitaji mara mbili ya umbali, inahitaji mara nne. Hata tofauti ya 10 inauma. Magari mawili yakiona mtoto kwa wakati mmoja, lami kavu, la 50 likasimama hatua moja kabla yake, la 60 litafika hapo likiwa bado na karibu 40.

Siku hizi gari la mbele likipita nguzo ya taa, nahesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" kabla sijaifikia mimi. Mvua ikinyesha nafika nne.

Najua utakachosema: Dar hii ukiacha nafasi, bodaboda anachomekea. Anachomekea kweli, na bajaji nyuma yake. Naachia mafuta kidogo, naanza kuhesabu upya. Wakichomekea kumi kutoka Buguruni hadi Ubungo, nimechelewa sekunde 20. Foleni ya Tabata peke yake inanilia dakika 20, na huko sijawahi kugombana na mtu.