Vidonda vimepona, mbona mkanda wa jeshi bado unaniunguza?

SWALI: Nesi, salamu nyingi. Mimi ni mama wa miaka 61, napika vitumbua vya kuuza hapa Muheza. Kabla ya Ramadhani nilitokwa na mkanda wa jeshi chini ya titi la kulia, ukazunguka hadi mgongoni. Hospitali walinipima, virusi vya Ukimwi sina, nikapewa vidonge nikavimaliza. Malengelenge yalikauka, yamebaki makovu tu. Lakini Maulidi imeshapita na maumivu hayajaondoka. Sidiria sivai tena. Kanga ikinigusa tu, nasikia moto. Nilirudi hospitali wakanipa amitriptilini ya usiku, kijana wa duka la dawa akaniambia hizo ni za wenye matatizo ya akili. Nilimeza siku chache, kinywa kikakauka, asubuhi usingizi mzito, nikaacha. Sasa nachomwa sindano za diklofenaki hapa mtaani, na dawa za presha naendelea nazo. Jirani anasema mkanda ukikutana mbele na nyuma mtu hufa, na wangu ulibakiza kidogo. Je, ninunue tena asikloviri? Na binti yangu mjamzito anataka kuja kujifungulia kwangu, nimemzuia nisimwambukize.
– Mama Vitumbua, Muheza

JIBU: Mama mwenzangu, pole. Kwanza mpigie binti yako simu aje. Mkanda wa jeshi huambukiza pale malengelenge yakiwa na maji, na anayeambukizwa hapati mkanda, anapata tetekuwanga kama hajawahi kuugua. Yakishakauka na magamba kudondoka, basi. Maumivu hayaambukizi. Atakukuta na makovu, naye atakusaidia kukuna nazi.

La jirani nalo tulimalize. Virusi vya mkanda ni vilevile vya tetekuwanga uliyougua utotoni. Havikutoka mwilini, vililala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, na umri ukisogea au kinga ikishuka huamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Mshipa huo unahudumia upande mmoja wa mwili, ndiyo maana mkanda huishia katikati ya kifua na katikati ya mgongo. Wako haukubakiza chochote, ulifika mwisho wake. Na hao wanaonong'ona habari za Ukimwi, kipimo unacho. Miaka ile kabla ya dawa za kufubaza virusi tuliona mkanda mwingi kwa vijana wadogo, maneno yakabaki midomoni mwa watu hadi leo. Kwa mama wa miaka 61, umri peke yake unatosha kuuleta.

Asikloviri usinunue. Kazi yake ni kuzuia virusi visizaliane, na inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Kwa mtu mzima huwa miligramu 800 mara tano kwa siku, siku 7. Wewe ulishamaliza. Kilichobaki ni mshipa wa fahamu uliojeruhiwa: ngozi imepona, mshipa bado unapeleka habari za moto kichwani. Kwa hiyo kanga kukugusa kunauma kweli, hujidekezi. Maumivu yakizidi miezi mitatu baada ya upele huwa tunayahesabu kama ugonjwa unaojitegemea, na kwa wengi huendelea kupungua kadiri muda unavyokwenda, ila kwa taratibu.

Diklofenaki haiufikii mshipa huo. Tena wewe una presha: dawa hiyo huipandisha, huumiza figo na kuchubua tumbo. Huyo anayekuchoma mwambie asante, yatosha. Najua sisi tunapenda sindano, kidonge kidogo cha usiku tunakidharau.

Na hicho kidonge ndicho dawa yako. Kweli amitriptilini hutibu sonona, kwa kiwango kikubwa. Kwa kiwango kidogo, miligramu 10 au 25 za kuanzia, hutuliza mishipa ya fahamu. Aspirini ya kichwa si hiyohiyo wanayopewa wagonjwa wa moyo? Hakuna aliyekuita kichaa, na kijana wa dukani angekupa dawa yako akanyamaza. Tatizo la pili ni saa. Wewe unaamka alfajiri kuchoma vitumbua. Ukimeza saa nne usiku lazima uamke nayo kichwani. Meza mara baada ya Magharibi, na uanze siku ambayo kesho yake hupiki, usije ukasinzia mbele ya mafuta ya moto. Kinywa kikikauka piga mafunda ya maji. Ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo usimame. Ipe wiki kadhaa, usiihukumu kwa siku chache. Lakini kabla ya kuianza upya rudi kwa daktari, umweleze dawa zako za presha, na kama una tatizo la moyo, presha ya macho au mkojo kuziba. Ikikushinda ziko nyingine, kama gabapentini. Tramado ya kuazimwa usiichanganye humo.

Sidiria iache. Tafuta kanga kuukuu iliyofuliwa ikalainika, si mpya yenye wanga, ujifunge imekubana kiasi. Kitambaa kinachopepea huuma kuliko kilichotulia.

SWALI: Nesi shikamoo. Ni bodaboda, Kibaha, miaka 29. Nimeumwa kichwa upande wa kushoto, kisha malengelenge yakatoka kwenye paji la uso na kushuka hadi ncha ya pua. Jicho limekuwa jekundu. Wenzangu wanasema ni Nairobi fly, yule mdudu anayebabua ngozi, nipake dawa ya meno. Kupima Ukimwi naogopa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Wasomaji, huyu sikusubiri gazeti lichapwe, nilimpigia simu jioni ileile. Yule mdudu hababui mtu kwa kufuata mshipa wa upande mmoja, wala haanzi na maumivu ya kichwa. Huu ni mkanda wa jeshi, na ukifika ncha ya pua, jicho liko hatarini, na jicho likichelewa linaweza kupofuka. Nilimwambia pikipiki aiache, apande daladala, aende kliniki ya macho asubuhi, na dawa ya meno abaki nayo kwa meno. Kipimo cha Ukimwi nacho achukue hukohuko; akikutwa na virusi, dawa za kuvifubaza katika hospitali za serikali ni bure. Amekwenda, ameanzishiwa asikloviri, jicho linafuatiliwa. Majibu ya kipimo ni yake.