Riveti inayozunguka na biti

Kaka, kama unatoa riveti (pini za kuunganisha vipande vya chuma, zenye msumari wa kuvutia katikati) za fremu yako ya dirisha na zinazunguka pamoja na biti ya drili, acha kuikandamiza drili, unapanua tundu bure. Kwanza gonga kipande cha msumari kilichobaki katikati ya kichwa kitokee nyuma. Ni kigumu, ndicho kinachofanya biti iteleze. Halafu bana ukingo wa kichwa kwa koleo, utoboe taratibu kwa biti yenye kipenyo cha riveti. Kichwa kikipanda kwenye biti, simama hapo hapo. Kilichobaki sukuma kwa panchi, kile chuma chembamba cha kugongea.

Kurudisha riveti mpya ndiko wengi wanakoharibu. Riveti ya milimita 4.8 inataka tundu la 4.9. Kama ulikuwa na ya 4 na tundu limelika, panda hadi hiyo ya 4.8. Urefu: unene wa vipande vyote, ongeza kipenyo mara moja na nusu. Na vibane vipande vishikane kabisa kabla ya kuvuta riveti. Mimi niliacha upenyo mdogo tu, upepo wa kiangazi hapa Dodoma ulipoanza, fremu ikalia usiku kucha, nikarudia riveti zote nane.