Unga unaoondoa maumivu ya viungo kwa siku mbili

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 46, tuko Kongwa. Tangu mwaka jana vidole vya mikono yote miwili vinamvimba, na asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka saa nne hivi. Alipimwa asidi ya yuriki, ikaonekana imezidi kidogo, akaambiwa ana gauti. Ameacha nyama na maharage. Shangazi akatuletea unga wa mizizi, kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na jioni. Siku ya pili tu mama akasonga ugali mwenyewe! Sasa ni mwezi wa tano anautumia, ila ukiisha maumivu yanarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Je, unga huu una madhara? Na tupime nini kujua kama gauti imeisha?

JIBU: Marahaba. Kwa maelezo yako, sidhani kama hiyo gauti iliwahi kuwepo. Gauti huvamia usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Mtu analala mzima, anaamka hataki hata shuka limguse, na baada ya wiki moja au mbili inatulia. Huwapata zaidi wanaume, na kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake ni nadra. Vidole vya mikono yote miwili, kulia na kushoto sawasawa, vinavyokakamaa saa nzima au zaidi kila asubuhi kwa mwaka mzima, huo ni mwenendo wa baridi yabisi. Na yuriki kuzidi kidogo si ugonjwa. Wapo wengi wanaotembea nayo hivyo na hawajawahi kuumwa hata ukucha.

Jina lenyewe limetuponza. Wagonjwa wangu wanalaumu baridi ya Juni na huu upepo wetu wa Dodoma, au maji ya baridi waliyooga baada ya kujifungua. Baridi inaweza kuzidisha maumivu, lakini haileti ugonjwa. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili inaushambulia utando laini uliotanda ndani ya kiungo. Utando unavimba, kisha unaanza kutafuna gegedu na mfupa, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Wala hauishii vidoleni. Damu hupungua, macho hukauka, mapafu nayo huweza kuingiliwa.

Sasa tuje kwenye unga, na hapa ndipo subira yangu inapoishia.

Nimeletewa unga wa namna hii mara nyingi, umefungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Mmoja niliumwaga kwenye sahani nyeupe nikautandaza kwa kidole. Katikati ya ule ukahawia kulikuwa na chembe nyeupe, na moja ilikuwa bado na ukingo wa mviringo wa kidonge. Mganga hakuwa hata na subira ya kukitwanga vizuri.

Sijauona unga wa mama yako, lakini mzizi unaomnyanyua mgonjwa wa baridi yabisi kwa siku mbili siujui. Ninachokijua kinachofanya hivyo ni steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni au prednisoloni, mara nyingine ikichanganywa na diklofenaki. Na si siri. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo kule Marekani, daktari Philip Hench alimchoma kotizoni, ambayo nayo ni steroidi, mwanamke mwenye ugonjwa huu huu, aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani. Baada ya siku chache alitembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Baadaye ndipo madhara yalipoanza kuonekana wazi: sukari kupanda, presha, mifupa kulika, vidonda kutopona. Madaktari tuliogopa, tukajifunza kuipima kwa miligramu. Wewe unapimiwa kwa kijiko cha uji.

Mwangalie mama yako usoni. Mashavu yamejaa na kuwa mviringo huku mikono na miguu imekonda? Ngozi inavilia damu akijigonga kidogo tu? Majirani watasema amenawiri, lakini huko si kunawiri.

Pamoja na hayo, usiumwage leo. Miezi mitano ya steroidi huilaza tezi inayotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini. Ukikata ghafla, mtu anaweza kutapika, kulegea, presha ikashuka akaanguka, hata kufa. Mpeleke hospitali ya rufaa wiki hii, na unga uende naye ukiwa kwenye karatasi yake ileile. Dawa itapunguzwa taratibu. Akianza kutapika au kuishiwa nguvu kabla ya hapo, msisubiri siku ya kliniki.

Nasema kwa ukali kwa sababu mama yako si wa kwanza. Binti wa miaka 24 mwenye lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, anaambiwa ana gauti, unga unamficha homa na vipele, na wakati huo mkojo umeanza kutoka na povu kwa sababu figo zinaharibika. Mfugaji wa Chamwino anayekunywa maziwa mabichi anaumwa mgongo na magoti kwa homa ya Malta, ambayo ni bakteria na inahitaji antibiotiki. Steroidi inailegeza kinga, na homa inapata nafasi ya kusambaa. Kifua kikuu kilicholala nacho huamka. Mtoto wa miaka 9 anayevimba goti leo na kifundo kesho, wiki chache baada ya kuumwa koo, mvimbo utaondoka wenyewe, lakini valvu za moyo ndizo zinazobaki na makovu. Hawa wote muuza unga anawapimia kijiko kilekile.

Sina ugomvi na tiba asili. Baraza lake lipo kisheria tangu 2002, na waliosajiliwa wanajulikana. Ugomvi wangu ni na anayesema dawa yake haina kemikali huku ameitwangia vidonge vya duka la dawa.

Vipimo mtakavyoulizia ni RF na anti-CCP (vya damu, vya kutafuta baridi yabisi), ESR (cha kuonyesha uvimbe mwilini), picha nzima ya damu, figo, ini, sukari, na picha ya eksirei ya mikono. RF peke yake isiwatishe wala kuwatuliza, kwa sababu wapo wenye ugonjwa ambao kwao haionekani, na maambukizi mengine huileta. Wakithibitisha, huenda akaanzishiwa methotreksati, dawa ya kuituliza hiyo kinga. Hiyo humezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki, na hairuhusiwi kwa mjamzito. Chagueni siku, iandikeni ukutani. Kuimeza kila siku kwa kukosea kumeua watu. Nafuu huja polepole, wiki sita hadi kumi na mbili, na shangazi atawaambia haifanyi kazi.

Maharage ale.