Je, ni khiyana kumwachisha kazi rafiki yangu?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, shekhe. Mimi ni msimamizi wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Miaka sita iliyopita nilimwombea kazi ya stoo rafiki yangu, tuliyesoma naye madrasa moja tangu alifu, na tajiri akamkubali kwa neno langu. Tangu Ramadhani hesabu ya saruji haikai sawa. Daftari linasema mifuko 60, tukihesabu ni 52. Sina ushahidi kwamba anaiba. Ninachojua ni kwamba anatoka na kuwaachia makuli ufunguo. Nimemuonya mara tatu. Mara mbili nimefidia upungufu kwa pesa zangu bila tajiri kujua. Sasa tajiri ameniagiza nimwachishe mimi mwenyewe. Ana watoto wanne, na mkewe kajifungua juzi. Je, nitakuwa nimemfanyia khiyana? Naweza kumwambia biashara imeyumba ili asivunjike moyo? Na je, nikate katika malipo yake shilingi 350,000 ninazomdai?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, umeandika mengi kuhusu urafiki, lakini saruji si yako. Ingekuwa yako, ungempa rafiki yako hata mifuko mia, ukapata thawabu. Mali ya tajiri iko mikononi mwako kwa amana, na Allah anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kwamba anatuamuru tuzirudishe amana kwa wenyewe. Kumwacha stoo mtu anayeipoteza ni ukarimu wa mali ya mwenzio.

Kuhusu khiyana, msikilize Abu Dharr, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa sahaba mcha Mungu, aliyependwa na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Akaomba apewe uongozi. Mtume akampiga bega kwa mkono wake, akamwambia kuwa yeye ni dhaifu, na jambo hilo ni amana, na Siku ya Kiyama ni fedheha na majuto ila kwa aliyelichukua kwa haki yake. Katika mapokezi mengine, nayo pia yamo katika kitabu cha hadithi cha Sahih Muslim, alimwambia kwanza kuwa anampendelea anachoipendelea nafsi yake mwenyewe, kisha akamkataza kuongoza hata watu wawili, na kusimamia mali ya yatima. Tazama mpangilio huo: mapenzi kwanza, katazo baadaye, na mkono uko begani. Hakuna aliyesema Abu Dharr alisalitiwa. Kuna watu wema ambao ufunguo haukai mikononi mwao.

Ila uangalie hapo uliposema huna ushahidi. Neno wizi lisitoke kinywani mwako, si mbele yake, si mbele ya tajiri, wala barazani kwenye kahawa. Kosa lililothibiti ni kuacha ufunguo na hesabu kutokaa sawa. Barua iandikwe kwa hayo tu, naye aitwe ajieleze kabla haijaandikwa. Watu wa mji wa Kufa, kule Iraq, walipomlalamikia gavana wao, sahaba Sa'ad bin Abi Waqqas, khalifa Umar alimwondoa ugavana, na akatuma watu wakaulize habari zake msikiti kwa msikiti. Miaka baadaye, akiwa kitandani na jeraha lililomuua, akamtaja Sa'ad miongoni mwa watu sita wa kuchagua khalifa, na akasema hakumwondoa kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana. Hii imo katika Sahih Bukhari.

Biashara kuyumba? Hapana. Najua wapo watakaokutajia hadithi ya Ummu Kulthum, kwamba anayesuluhisha watu si mwongo. Ile ni ya kuzima ugomvi, nawe unatafuta kukwepa macho ya rafiki yako. Halafu fikiria: Jumatatu kijana mwingine anafungua stoo ile ile, malori yanashusha nondo kama kawaida. Atakapopita hapo barabarani atajua alidanganywa, na urafiki ulioutaka kuuhifadhi ndipo utakapokufa. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia uongo wa namna hiyo mwalimu mwenzangu nilipomwondoa darasani. Alikuja kujua baada ya wiki mbili, na hadi leo salamu yake kwangu ni ya kuning'inia.

Deni lako na mshahara wake ni mambo mawili. Mshahara ni haki yake kwa tajiri. Deni ni kati yenu wawili. Usimkate hata shilingi bila ridhaa yake, na kwa hali uliyoieleza, mlango wako ni Suratul Baqara aya ya 280: mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Hapa ndipo pa kuutumia ukarimu wako, kwani pesa hizi ni zako kweli. Malipo mengine asipunjwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28, au mshahara wa siku hizo, pamoja na likizo alizolimbikiza na cheti cha utumishi wake. Mtume ameeleza kuwa mtu aliyemtumikisha kibarua kikamilifu kisha asimlipe ujira wake, Allah atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama.

Mwambie mkiwa wawili, si mbele ya makuli, na usimtume mtu. Akikununia, usipite nyumbani kwake kimya. Mpelekee mkewe unga wa uji wa uzazi, hata asipokufungulia yeye.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Ile mifuko uliyoifidia kimyakimya ilimfanya tajiri aone hesabu iko sawa na hali haikuwa hivyo. Nia yako ilikuwa sitara, lakini mwenye mali alifichwa habari ya mali yake. Mweleze, kabla hujakabidhiwa barua ya rafiki yako uitie saini.

Wallahu a'lam.