Michango ya kesi: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Tuko wakazi 40 Pangani, tuna mgogoro wa ardhi na halmashauri. Tumefungua kundi la WhatsApp la michango. Tulenge shilingi ngapi?

Kabla ya kiasi, zijueni hatua. Anayeishtaki halmashauri lazima atoe notisi ya siku 90, nakala ziende kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Siku zikitimia, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, kwenu ni Kanda ya Tanga, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Hapa ndipo michango mingi inapopotelea: watu wana hasira, fedha ipo, wanafungua shauri mwezi wa pili wa notisi, siku 90 hazijatimia. Linaondolewa bila hata shahidi mmoja kusikilizwa, na ada iliyolipwa imekwenda.

Pili, 40 hamwezi kusimamisha wawakilishi wawili kwa makubaliano ya kikao tu. Mnaomba kwanza kibali cha mahakama, chini ya Amri ya I, kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Maombi hayo nayo yana gharama zake.

Kwa hiyo wakili awaandikie bei ya kila hatua: notisi, maombi ya uwakilishi, hati ya madai, usikilizwaji. Muulizeni kama bei hiyo ina VAT ndani yake. Ada za mahakama, nakala, mpima ardhi na nauli za mashahidi ziandikwe kando. Changisheni hatua moja kwa wakati, na juu yake wekeni akiba ya kutosha safari mbili tatu za mahakamani zisizozaa kitu, maana kesi huahirishwa.

Machi 2020 wafuasi wa Chadema walichangia faini walizotozwa viongozi wao Mahakama ya Kisutu, na fedha ikapatikana ndani ya siku chache. Lakini faini ina kiasi kinachojulikana na inalipwa mara moja. Kesi ya ardhi inakula miaka, na mchangiaji anachoka kabla ya hakimu.

Fedha ziingie kwenye simu ya nani?

Zisiingie kwenye simu ya mtu yeyote, hata akiwa imamu au mwenyekiti wa mtaa. Akiugua, akifariki au akibanwa na shida, kesi inasimama. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, kisha mlipe kwenye akaunti ya wateja ya wakili, ambayo ni tofauti na akaunti ya matumizi ya ofisi yake. Nchini Uingereza, jukwaa la CrowdJustice hupeleka michango kwa wakili, haimpitii mdai. Daini risiti ya EFD kila mnapolipa, na mhakikishe kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa taarifa za mawakili, kwamba leseni ya wakili wenu ni hai.

Ndugu yetu yuko kituoni. Tunachangishana pesa ya dhamana.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Mahakamani mara nyingi wanatakiwa wadhamini wenye vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, wanaosaini bondi. Mkiamriwa kuweka fedha taslimu, tunzeni stakabadhi: zinarudishwa kesi ikiisha, mshtakiwa akiwa ametimiza masharti.

Tangazo la mchango liseme nini?

Namba ya shauri, mahakama, hatua iliyofikiwa, kiasi, mwisho wa kuchangia na jina la wakili. Msitaje mashahidi. Na msiandike kwamba hakimu kahongwa: mtajiongezea kesi ya pili, pengine chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Tukishindwa, waliochangia watadaiwa? Na salio je?

Amri ya kulipa gharama za kesi humwangukia mdaawa, yaani aliye upande katika kesi, haimfuati jirani aliyetuma elfu tano. Ila msimwahidi mchangiaji kipande cha shamba mkishinda. Hapo mchango umegeuka biashara ya kununua kesi, na upande wa pili utalishikilia hilo.

Salio msiligawe siku ya hukumu. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30, na mshindi ana siku 60 za kuwasilisha hesabu ya gharama anazowadai. Kaeni nalo mpaka muda huo upite.

Hatuna hata cha kuanzia.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawahusu. Huduma ya mtoa msaada aliyesajiliwa ni bure kwa asiye na uwezo. Ada ya kufungua shauri nayo mnaweza kuomba msamehewe, mkiwa na barua ya mtendaji inayoeleza hali yenu.