Je, bakteria wanaweza kusafisha udongo wenye oili?

SWALI: Kiwanja tulichonunua kilikuwa gereji kwa miaka mingi. Kona moja udongo ni mweusi, unanuka dizeli, na mvua ikinyesha maji hutuama juu yake yakiwa na utando wa rangi rangi. Nasikia kuna bakteria wanaokula mafuta. Wanauzwa wapi, na nikishawamwaga nitaweza kupanda mchicha? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Huna haja ya kuwanunua, kwa kuwa wamo tayari katika udongo huo. Bakteria kama Pseudomonas hupatikana karibu kila mahali, na mafuta yanapomwagika wale wanaoweza kuyala huongezeka wenyewe, wakayavunjavunja hadi kubaki kabonidioksidi na maji. Kinachowakwamisha ni ukosefu wa hewa, unyevu, na hasa naitrojeni na fosforasi, ambazo katika mafuta ni haba mno. Ndiyo maana meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta ghafi Alaska mwaka 1989, fukwe nyingi zilinyunyiziwa mbolea. Anayekuuzia chupa ya bakteria, kwa maoni yangu, anakuuzia ulicho nacho.

Chimbua udongo mweusi wote, uutandaze juu ya turubai kwa kina kisichozidi sentimita 30, uchanganye na samadi iliyooza na mbolea kidogo ya urea na DAP, kisha uugeuze kila wiki, ukiuweka na unyevu bila kuutotesha na kuufunika wakati wa mvua kubwa. Usiishie kulima juu juu: huko Ogoniland, Nigeria, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 ilieleza kuwa mafuta yalikuwa yamezama mita kadhaa, ilhali usafishaji ulikuwa ukigusa tabaka la juu tu. Dizeli inaweza kupungua sana kwa miezi kadhaa; oili nzito huchukua muda mrefu zaidi, na sehemu yake iliyo kama lami huenda isiishe.

Kuhusu mchicha, subiri. Oili chafu ya injini hubeba metali kama risasi na zinki, ambazo hakuna bakteria anayeweza kuzila zikaisha, na mboga za majani huweza kuzifyonza. Peleka sampuli maabara, mathalani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilicho hapo mjini kwenu, uulizie kipimo cha metali hizo. Kama karibu na kona hiyo kuna kisima, maji yake yapimwe kwanza, kabla hata ya udongo.