Wa kiume na wa kike, walelewe tofauti?
Dada yangu, umeuliza kama huyo wa kiume umlee tofauti na dada yake, maana hatulii na kuongea kachelewa. Kwanza punguza presha, kwa wastani wavulana wanachelewa kidogo kuongea kuliko wasichana, ila tofauti ya mtoto na mtoto ni kubwa kuliko hiyo ya jinsia, so mwangalie yeye kama yeye, na kama kafika miaka 2 na bado haungi hata maneno mawili mpeleke akapimwe, usikubali kuambiwa eti watoto wa kiume ndo walivyo.

Kinachoniuma mimi ni hili la kumkataza mtoto wa kiume kulia. Akiumia mbembeleze vilevile unavyombembeleza dada yake, mzoeshe kusema nina hasira, naogopa, nimeonewa. Karibu nchi zote duniani wanaume ndo wanajiua zaidi ya wanawake, na hii tabia ya kufungia mambo moyoni inaanza utotoni jamani.

Kazi za ndani wafanye wote, hapo sina maneno mengi.

Balehe ndo tofauti ya kweli ipo, binti huanza kati ya miaka 8 na 13, mvulana 9 mpaka 14, kwa hiyo binti aambiwe habari za hedhi mapema kabla haijamkuta. Na hili la kutoguswa sehemu za siri usimfundishe binti peke yake, wavulana nao wanafanyiwa ukatili na wengi wao wanakaa kimya, mwambie akiguswa aje kwako muda huohuo na hutamgombeza.